Mawasiliano ya leza kutoka anga za mbali: adui ni wingu, na hapo ndipo Dodoma inapoingia

#1 Mkonze Juu

Wanajamvi, mbukwenyi.

Jukwaa hili limejaa malalamiko ya bando, leo tubadilishe hewa. Kuna maneno yanazunguka huku mitandaoni kwamba Wamarekani wamegundua intaneti ya leza "yenye mwendo kuliko redio" na muda si mrefu tutapigiana simu ya video na walioko Mirihi. Nusu yake ni kweli, nusu porojo. Na ile nusu ya kweli inatuhusu watu wa kanda ya kati kuliko wengi wanavyodhani.

Porojo kwanza. Leza na redio vyote vinakwenda mwendo wa mwanga, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Hakuna anayemtangulia mwenzake. Mirihi ikiwa kilomita milioni 225 kutoka kwetu, salamu yako inafika baada ya dakika 12 na nusu, na jibu nalo linakula dakika 12 na nusu. Kwa hiyo mambo ya "halo, unanisikia?" yasahauni. Hakuna fundi atakayeyarekebisha hayo.

Kinachobadilika ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde moja. Mwali wowote unaotoka kwenye dishi au darubini hutanuka kadiri unavyosafiri, na wimbi likiwa refu unatanuka zaidi. Pigeni hesabu wenyewe, ni urefu wa wimbi kugawa kwa upana wa dishi, kisha zidisha kwa umbali. Chombo kilichoko Mirihi kikiwa na dishi la mita 3 na wimbi la redio la sentimita 3.6 hivi, mwali wake ukifika huku una upana wa kilomita kama milioni 2.7. Dunia nzima ni kidoa humo ndani, nishati karibu yote inapita pembeni. Weka badala yake darubini ya sentimita 22 na leza ya nanomita 1550: upana ukifika huku ni kilomita kama 1,600 tu. Faida yote haiingii mfukoni, maana madishi ya kupokelea redio ni ya mita 34 hadi 70 wakati darubini kubwa ni za mita chache, lakini inayobaki bado ni nyingi.

Haya si ya kwenye makaratasi. Tarehe 13 Oktoba 2023 NASA walirusha chombo kiitwacho Psyche, kinachokwenda kwenye asteroidi yenye jina hilohilo. Ndani yake waliweka mtambo wa majaribio unaoitwa DSOC. Leza yake ni wati 4. Nne! Taa ya LED ya sebuleni kwako huenda inakula zaidi. Tarehe 14 Novemba wakapata mwanga wa kwanza kutoka kilomita milioni 16. Tarehe 11 Desemba, kikiwa kilomita milioni 31, chombo kikashusha video ya sekunde 15 ya paka mmoja wa rangi ya machungwa aitwaye Taters akikimbiza kidoa chekundu cha leza kwenye kochi. Mwendo ulikuwa megabiti 267 kwa sekunde. Mwanga ulitumia sekunde 101 njiani, ukapokelewa kwenye darubini ya Hale ya mita 5 pale Palomar, California.

Na hapa ndipo nilipocheka. Mhandisi mmoja wa mradi alieleza kwamba video ilipotoka Palomar kwenda ofisini kwao JPL, maabara ya NASA, mahali palipo kwenye jimbo hilohilo, ilipita intaneti ya kawaida, na intaneti hiyo ilikuwa na mwendo mdogo kuliko ile ya kutoka anga za mbali. Kwa hiyo wanaolia na mtandao si sisi peke yetu.

Umbali ukizidi, kiwango kinashuka. Aprili 2024, kilomita milioni 226, walipata megabiti 25. Juni mwaka huohuo, kilomita milioni 390, megabiti 6.25. Desemba 2024 walipokea mwanga kutoka kilomita milioni 494. Majaribio yakafungwa Septemba 2025. Anayeona megabiti 6 ni kidogo akumbuke chombo cha NASA kiitwacho New Horizons: kilipita Pluto tarehe 14 Julai 2015 kwa saa chache tu, halafu data zake zikashuka kwa redio kidogokidogo mpaka Oktoba 2016 ndiyo zikaisha. Mwaka na ushee kusubiri picha za siku moja.

Sasa kwetu. Redio haijali wingu. Leza inajali sana. Wingu zito likikaa juu ya darubini, kazi imeisha, uwe na mitambo ya mabilioni au usiwe nayo. Maana yake ni kwamba mali ghafi ya teknolojia hii ni anga kavu. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, milimita kama 570 kwa mwaka, halafu kuanzia Mei ni ukame ambao tumezoea kuulaani. Tupo nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Hoja yangu ni hii: kituo cha kupokelea leza kikitafutiwa mahali Afrika Mashariki, kanda ya kati ina haki ya kuwa kwenye orodha, na wa kwanza kuipigia hesabu tunapaswa kuwa sisi, tusisubiri mgeni aje kutuonyesha. Bisheni.

#2 Zabibu Kavu

Naweka kambi hapa. Mwenye karanga alete.

#3 Mzee wa Sabasaba

Mtoa mada umeandika vizuri, sikatai. Ila mtaani kwangu maji yanatoka kwa ratiba, na ratiba yenyewe haifuatwi. Wewe unatuletea paka wa anga za juu. Hiyo leza italeta maji?

#4 Mkonze Juu

Mzee wangu shikamoo. Haileti maji. Wala SGR haileti maji, wala bunge. Mji una mambo mengi kwa wakati mmoja. Tuendelee.

#5 Fundi Nyuzi

Nimekuja mbio kwa sababu ya namba moja: nanomita 1550.

Wakuu, hiyo ni leza tunayokula nayo ugali kila siku. Mkongo unaopita kando ya barabara ya Dodoma–Morogoro unatumia mwanga huohuo, kwa sababu kioo kinaupitisha kwa hasara ndogo kuliko rangi nyingine. Kwa hiyo hao jamaa wamechukua vifaa ambavyo viwanda vya simu vimevipika kwa miaka mingi, wakaondoa kioo, wakaweka utupu. Sehemu kubwa ya akili ilikwishalipiwa na sisi wateja wa bando.

Niwape picha kidogo ya huku chini. Katapila likikata mkongo, tuseme kati ya Kibaigwa na Gairo, tunapima kutoka kituo kwa mashine inayorusha pigo la mwanga na kusikiliza unarudi baada ya muda gani, inatupa umbali hadi penye jeraha. Tunafukua, tunamenya ganda, tunafuta uzi kwa spiriti, tunaukata kwa kisu chake maalumu ili uso uwe bapa, halafu mashine inaziyeyusha ncha mbili ziwe moja. Chembe moja ya vumbi la Kongwa ikikaa pale, anza upya. Uzi wenyewe katikati, pale mwanga unapopita, ni maikromita 9 hivi. Unywele wako ni mnene mara kadhaa.

Sasa swali langu kwa mtoa mada: sisi tukiwa ndani ya kioo tunateswa na chembe moja ya vumbi. Nyie mnataka kupitisha mwanga huo kwenye anga ya Dodoma mwezi wa Septemba? Mmeona upepo wa Bahi?

#6 binti_ngongona

Fundi amenitangulia. Mimi nasoma fizikia UDOM, na uzi huu naupenda, lakini kuna mambo matatu mtoa mada ameyapita haraka kama daladala la jioni.

La kwanza, kiangazi hakimaanishi anga tupu. Anayeishi huku Ng'ong'ona anajua asubuhi za Juni na Julai: baridi, upepo, na mawingu ya chini yanatembea mpaka saa nne. Mvua hakuna, ila wingu lipo. Takwimu za mvua hazikuambii lolote kuhusu leza. Kinachotakiwa ni saa za anga safi, na hilo ni jambo jingine.

La pili, kimo. Angalieni wenzetu walikoweka mitambo: Palomar mita 1,700, Table Mountain ya California kama mita 2,300, kituo cha Wazungu pale Tenerife mita 2,400, Haleakala kule Hawaii zaidi ya mita 3,000. Dodoma mjini ni mita 1,100 na ushee. Tofauti hiyo ndiyo hewa nzito, vumbi na joto linalopanda kutoka ardhini. Kile kinachofanya nyota imetemete ndicho kinachokoroga mwali wa leza. Kwenye uwanda uliokaangwa na jua kutwa nzima, mkorogo ni mkubwa.

La tatu, mawasiliano haya si ya usiku peke yake. Chombo kinakuwa juu ya upeo wako hata mchana, na mchana anga lenyewe linang'aa. Sayari ikijongea upande wa jua unakuwa unaielekeza darubini karibu kabisa na jua, na kosa dogo linaunguza kihisi. Kwa hiyo usitupigie hesabu ya "anga la usiku la Hombolo" ukadhani umemaliza.

Sisemi haiwezekani. Nasema Dodoma MJINI siyo.

#7 Zabibu Kavu

Dada ameshusha nondo. Mtoa mada jibu au uzi ufungwe 😂

#8 Mkonze Juu

Haufungwi.

Kimo nakubaliana nawe, na sikusema tuweke Nyerere Square. Kanda ya kati ina vilima vya Kondoa, ina milima ya Mpwapwa. Atakayesema Hanang kwa sababu ni mita 3,420, namkatalia mwenyewe mapema: mlima mrefu uliosimama peke yake hujivutia wingu lake, kilele unakiona asubuhi na kufikia mchana kimejifunika. Tunachotafuta ni uwanda ulioinuka upande mkavu, nyuma ya milima inayozuia unyevu wa bahari.

Lakini kuna hoja moja hujaigusa, na kwangu ndiyo kubwa kuliko wingu. Ni mahali tulipo kwenye tufe.

Sayari zote na vyombo vingi vinavyozitembelea vinakaa karibu na njia ya jua. Havitoki mbali zaidi ya nyuzi 25 hivi kaskazini au kusini mwa ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya Ikweta yetu. Sasa simama Dodoma, nyuzi 6 kusini. Chombo kikiwa kusini kabisa, kikivuka katikati ya anga kinafika kimo cha nyuzi 71. Kikiwa kaskazini kabisa, nyuzi 59. Yaani mwaka wowote, sayari yoyote, kwetu inapita karibu na utosi. Nenda Ugiriki, nyuzi 38 kaskazini, ambako Julai 2025 shirika la anga la Ulaya liliwasiliana na Psyche kwa leza kutoka kilomita milioni 265. Sayari ikiwa kusini kabisa, kwao inaishia nyuzi 27. Kwenye kimo hicho mwali unapita hewa mara 2.2 ya ile ambayo ungepita ukishuka wima. Kwetu, siku mbaya kabisa, ni mara 1.2. Hewa chache, vumbi chache, mkorogo mchache. Hiyo inafidia sehemu ya kimo tunachokosa.

Na kuhusu wingu, hakuna kituo kinachofanya kazi peke yake. Tuseme una vituo vitatu, kila kimoja kinafunikwa na wingu asilimia 30 ya muda, na viko mbali kiasi kwamba hali zao za hewa hazihusiani. Uwezekano wa vyote vitatu kufunikwa pamoja ni 0.3 × 0.3 × 0.3, yaani asilimia 2.7. Ndiyo maana hatuhitaji kuwa jangwa la Atacama. Tunahitaji kuwa wazi wakati wengine wamefunikwa. Hiyo ndiyo biashara.

#9 Dogo wa Form Four

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza, samahani kama swali ni la kitoto. Mwali una upana wa kilomita 1,600 na dunia ina kipenyo cha kilomita 12,700. Chombo kinajuaje dunia iko wapi? Na kikikosea kidogo si kinapiga hewa?

#10 mwl_wa_zamani

Marahaba kijana. Swali si la kitoto hata kidogo, ndilo swali lenyewe. Nimefundisha fizikia sekondari mpaka nikastaafu, na ningefurahi kuulizwa hivyo darasani.

Chombo hakiendi kwa kubahatisha. Kuna leza nyingine yenye nguvu zaidi, ya kilowati kadhaa, iliyorushwa kutoka Table Mountain kwenda juu. Hiyo ni taa ya kuongozea. Chombo kinaiona, kinajua "nyumbani ni kule", kinaituliza darubini yake dhidi ya mtikisiko wa chombo chenyewe, kisha ndipo kinarusha data. Jambo la kumulika chombo kwa leza kutoka ardhini lilijaribiwa zamani: Desemba 1992 chombo cha Galileo kilipokuwa kikienda Mshtarii kilirushiwa leza kutoka duniani, na kamera yake ikaziona hadi umbali wa kilomita milioni 6.

Ila taa ya kuongozea ina mtego. Mwanga unaouona ulitoka zamani, na mwanga wako utafika baadaye. Dunia inazunguka jua kwa kilomita 30 kila sekunde. Ukiwa kilomita milioni 225, mwanga wako unatumia sekunde 750 kufika. Zidisha: kilomita 22,500. Dunia itakuwa imehama karibu mara mbili ya kipenyo chake! Kikilenga pale kinapoona dunia, kinapiga utupu. Msandawe mwenye upinde halengi pale swala alipo, analenga pale swala atakapokuwa mshale ukifika. Na chombo hufanya vivyo hivyo, kwa hesabu badala ya jicho.

Niongeze moja ambalo halijasemwa, nalo ndilo linalonifurahisha zaidi. Kwenye umbali huo zinazofika kwenye darubini ni fotoni, yaani chembe za mwanga, za kuhesabu. Kihisi kimepozwa hadi nyuzi 272 chini ya sifuri ili kiweze kuhesabu moja moja. Hapo huwezi kutuma data kwa kuongeza na kupunguza mwanga, maana hakuna mwanga wa kupunguza. Wanatumia muda. Chukua kipindi kifupi, kikate vipande 128. Leza inapiga pigo moja tu, ndani ya kipande kimoja. Ujumbe ni kipande gani kimepigwa. Nafasi 128 ni biti 7. Pigo moja, biti saba. Kijana, chukua kalamu: mbili kwa kipeo cha saba ni ngapi?

#11 Dogo wa Form Four

128 mwalimu 🙏🏽 Nimeelewa kabisa.

#12 Kibaigwa Gunia

Mimi mfanyabiashara wa mahindi, fizikia niliiacha kidato cha pili. Swali: hiyo leza ya kilowati ya kwenda juu, ndege ikipita? Na watu wa mjini si wataona mwanga angani waseme ni vita?

#13 binti_ngongona

Hawataona kitu. Leza ya kwenda juu ni nanomita 1064, ya kushuka 1550, zote zipo nje ya uwezo wa jicho. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu jicho halijifumbi. Vituo vya namna hiyo hufanya kazi kwa makubaliano na mamlaka za anga, na leza huzimwa ndege ikikaribia njia yake. Hii ni sababu nyingine ya kukaa mbali na mji wenye uwanja wa ndege, na huku kwetu kuna Msalato.

Ila angalia: kituo cha KUPOKEA tu hakina leza ya kwenda juu. Ni darubini na kihisi. Psyche ilimulikwa kutoka Table Mountain na kupokelewa Palomar, sehemu mbili tofauti. Tukianzia kupokea, tatizo la ndege halipo.

#14 Fundi Nyuzi

Hapo dada umenigusa. Na la leseni je? Mimi nimekaa kwenye minara nikajua masafa ya redio yanavyogombaniwa.

#15 Mkonze Juu

Hapo leza inacheka. Kanuni za kimataifa za redio, zile za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, zinaishia gigahezi 3,000. Nanomita 1550 ni gigahezi kama 193,000. Iko nje ya uwanja wao kabisa, masafa hayagawiwi kwa nchi. Halafu mwali wenyewe ni mwembamba, jirani hasikii, hivyo hakuna kuingiliana.

Na si kwa anga za mbali tu. Oktoba 2013 leza ya nusu wati ilishusha megabiti 622 kwa sekunde kutoka kwenye obiti ya mwezi. Mwaka 2023 kisetilaiti kidogo kilichokuwa kikizunguka dunia kilishusha gigabiti 200 kwa sekunde. Setilaiti za Starlink zinapashana data zenyewe kwa zenyewe kwa leza. Soko linakuja upande huo, wa setilaiti za karibu zinazopiga picha za mashamba, misitu na bahari, zinazotaka kumwaga mzigo haraka zinapopita. Mirihi ni mapambo ya uzi.

#16 Mzee wa Sabasaba

Sasa ndiyo umeanza kusema. Nani analipa?

#17 Kibaigwa Gunia

Mzee hajaacha 😂

#18 mwl_wa_zamani

Swali la mzee ni halali. Nitamjibu kwa jirani zetu. Pale Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano waliweka jukwaa la kurushia roketi baharini na kituo cha kupokelea mawimbi ardhini. Walikwenda kwa sababu moja kubwa, ukaribu na Ikweta. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa pale setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza anga kwa miale ya eksirei, na wakaiita Uhuru. Fedha zilikuwa za Wamarekani, wasimamizi wa urushaji Waitaliano, mahali ni pwani ya Waswahili.

Mwenye mahali ana kitu cha kuuza, mzee mwenzangu. Ila lazima ajue bei yake kabla mnunuzi hajafika. Kwetu hatujui, kwa sababu hakuna aliyepima anga.

#19 Nyota ya Hombolo

Nimesoma kimyakimya tangu mwanzo. Kabla hamjafika kwa wafadhili, kuna matumizi ya chini kwa chini ambayo hamjayagusa. Mwaka 2021 walivusha intaneti kwa leza juu ya mto Kongo, kutoka Brazzaville kwenda Kinshasa, kilomita 4.8. Miji inatazamana, lakini mkongo wa kuiunganisha ilibidi uzunguke kilomita zaidi ya 400. Kwa siku 20 leza ilipitisha terabaiti 700 hivi, na ilikuwa hewani asilimia 99.9 ya muda. Kati ya mto, penye ukungu! Huku kwetu kilima kinaona kilima. Kijiji ambacho hakuna atakayekichimbia mtaro wa mkongo kinaweza kuunganishwa hivyo, na mafundi watakaojifunza kulenga kilima hadi kilima ndio haohao watakaoendesha hicho kituo chenu.

#20 Fundi Nyuzi

Hii ndiyo naiunga mkono kwa mikono miwili. Kuchimba mtaro kwenye mwamba wa huku ni adhabu, bora hata jembe lingevunjika mara moja tukajua. Ila mwenye mradi asisahau kwamba mnara unayumba kwa upepo. Mwali wa redio ni mpana, unasamehe. Leza haisamehi, kwa hiyo kichwa lazima kijirekebishe chenyewe muda wote.

Na kituo cha anga nacho kitahitaji mkongo mlangoni. Ukishusha gigabiti 200 kwa sekunde Kondoa halafu huna pa kuzipitisha, umefanya nini? Mkumbukeni yule paka wa Palomar.

#21 binti_ngongona

Turudi kwa mwalimu: hakuna aliyepima. Basi tupime. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho bado haujapata kichwa cha habari, nafikiria kupima saa za anga safi sehemu mbili au tatu za mkoa, mchana na usiku, msimu mzima wa kiangazi. Kamera ya kutazama anga lote ni gharama. Kuna njia ya bei nafuu? Wingu jembamba la juu usiku halionekani kwa macho, na hilo ndilo linaloiba fotoni.

#22 Fundi Nyuzi

Kipimajoto cha mbali. Ile bastola ya kupimia joto. Ukiielekeza juu, anga safi inasoma baridi kali, chini ya sifuri kwa mbali. Wingu likipita, namba inapanda. Zito linapandisha sana, jembamba kidogo, ndiyo maana lazima uandike mfululizo uone mabadiliko. Usinunue ile ya hospitali iliyokuja na Korona, inasoma joto la mwili tu na itakuandikia kosa. Tafuta ya mafundi majokofu, inashuka mpaka hasi hamsini. Bora zaidi ununue kihisi chenyewe bila bastola, ukifunge kwenye kompyuta ndogo kiandike kila dakika. Nitakusaidia kuunganisha.

#23 Nyota ya Hombolo

Mimi nina nguzo ya chuma nyumbani, ilikuwa ya dishi, na umeme wa sola upo. Kihisi kimoja kikae kwangu. Ila mkifunga, wekeni mdomo wa kihisi kwenye bomba fupi, la sivyo kitasoma joto la bati langu badala ya anga.

#24 Mkonze Juu

Cha Kondoa nitakitafutia mahali, nina shemeji ana shamba juu kilimani. Tunakosa Mpwapwa. Mwenye mtu kule aseme.

#25 Kibaigwa Gunia

Mpwapwa ninaye mteja wangu, ghala lake lina ghorofa. Niulizie kwanza hicho kihisi bei gani, halafu nimpigie.